Mashine Iliyokuwa Ikifia Wambaa

Kwangu haikufa hata mara moja. Hilo ndilo lililonitia moto. Asubuhi mume wangu akitoka kwangu Chake, anabonyeza swichi yake tu, mashine inanguruma, moshi unapanda juu ya mikoko, boti inatoka horini bila taabu. Lakini ikifika Wambaa, kwa mke mwenzangu, basi maradhi yanaipanda. Inagoma kuwaka, na yeye analala hukohuko, na mie napata habari kwa mdomo wa abiria waliorudi kwa miguu: mwambieni mama watoto, stata imekufa, na chombo cha watu siwezi kukiacha pwani peke yake.

Siku ya kwanza kulisikia neno hilo sikujua stata ni mdudu gani. Nikaambiwa ni kichuma kinachoizungusha mashine mpaka iamke. Nikasema alaa, kumbe sasa nina wake wenza wawili, mmoja wa nyama na mmoja wa chuma. Majirani wakacheka. Mie sikucheka.

Miaka ile ilikuwa ya siasa. Watu washaanza kuchaguana hata chombo cha kupanda, huyu hapandi boti ya yule kwa ajili ya chama chake. Mume wangu hakujishughulisha na hayo. Alikuwa dereva wa boti ya tajiri mmoja wa karafuu. Wakati wa vuno alibeba magunia, na vuno likimalizika alibeba watu, kuku na mikungu ya ndizi baina ya Chake, Wambaa na Mkoani. Mtu mrefu, mpole wa maneno, ananuka dizeli hata akitoka kukoga, na mie harufu ile nikiipenda. Nilimzalia watoto wawili. Nilipokuwa na mimba ya huyu wa pili ndipo alipooa Wambaa.

Sikutakwa shauri, niliarifiwa. Alikuja jioni moja akakaa kizingitini, kofia mkononi, akasema ameoa, na haki yangu haitapungua. Nilimwuliza kama mwanamke huyo ni mzuri. Akasema ni mtu wa kawaida. Basi hapo ndipo aliponichoma. Angekuwa mzuri ningesema macho yamemponza, wanaume ndivyo walivyo. Lakini mtu hasafiri baharini kufuata kitu cha kawaida.

Zamu ilikuwa siku mbili kwangu, siku mbili kwake. Na kwetu siku haianzi asubuhi, siku inaanza magharibi. Jua likishazama, usiku ule ni wa siku inayokuja. Kwa hivyo zamu yangu ilikuwa ikiingia kwa adhana ya magharibi, na adhana ikimkuta bado yuko Wambaa, usiku wangu umeshaliwa. Hata angefika baada ya isha, angefika kwenye sahani iliyokwisha kulambwa. Mie nilikuwa nikipika mapema, nikikoga, nikivaa, nikikaa barazani na ukili mkononi nikisuka huku sikio liko horini. Mashine ile nilikuwa naijua kwa mlio kuliko nilivyowajua watu wa mtaa kwa sauti. Siku isipolia, adhana ikitoka, nikiingia ndani nikivua khanga mpya na kuvaa ya jikoni.

Mtu akiniuliza wivu uko wapi mwilini, mie namwambia uko puani. Nilikuwa nikifua kikoi chake akirudi, na kabla sijakitia majini nikikinusa. Dizeli haimo. Yule mwanamke anakifua, kisha anakifukiza udi. Nani anafukiza kikoi cha mtu wa mashine? Kikoi cha Idi nitakifukiza, cha harusi nitakifukiza, lakini cha kulalia chini ya injini! Nikikisugua mpaka ngozi ya vidole inalainika, na harufu haiondoki.

Kisha mara aniambie pweza wa Wambaa, pweza wa Wambaa. Nikamwambia pweza wa Wambaa amle Wambaa, hapa tuna dagaa. Akanyamaza, maana hakuwa mtu wa ugomvi, na kunyamaza kwake kukanizidisha hasira. Mama yangu akinituliza: kipya kinyemi ingawa kidonda, ngoja kitachakaa. Nikangoja. Mwaka ukapita, na kipya kile hakikuchakaa, na kuanzia baada ya Idi ndogo ya mwaka uliofuata ndipo ile stata ikaanza desturi yake ya kufa.

Mwanzo ilikuwa mara moja moja. Analala usiku mmoja zaidi, kesho yake jua likipanda inawaka, anakuja na uso wa masikitiko na mkoba wa samaki. Baadaye ikawa kila akienda. Ndipo nikamwendea mjomba wangu, kaka wa mama, ambaye alikuwa fundi wa malori ya tajiri huyohuyo pale Chake. Nikamwambia mjomba, nataka haki yangu, nipeleke kwa kadhi.

Mjomba alikuwa na mzaha mwingi lakini dini akiijua. Akaniambia kwa kadhi nitakwenda kusema nini? Mtu akiharibikiwa na chombo, huo ni udhuru, Mungu hamkalifishi mtu asiloliweza, na usiku wa udhuru umekwenda. Lakini ikiwa angeweza kuja na akakaa kwa kupenda kwake, hiyo ni dhuluma, na usiku wa dhuluma ni deni shingoni mwake, utalipwa hapa au utalipwa akhera. Nikamwuliza basi tutajuaje? Akasema stata ndiyo inayojua.

Nilirudi nyumbani na neno hilo. Mchana nikipepeta mchele namwona mume wangu Wambaa, amekaa uani kwa yule, anamenyewa embe, na mashine haina neno, nzima kabisa. Mara namwona amechuruzika jasho, spana mkononi, anahangaika arudi kwangu na chuma hakimtaki. Nikawa nahama baina ya picha hizi mbili mpaka mchele unamwagika chini.

Mwishoni boti ikalala Wambaa moja kwa moja, haikukurupuka hata jua lilipopanda. Vuno limekaribia na tajiri anaitaka boti yake. Akamwamuru mjomba avue stata ya lori moja bovu, ambalo mashine yake na ya boti ni mtu na ndugu yake, aende akaifunge. Niliposikia hivyo nikawaacha watoto kwa mama, nikavaa buibui, nikamkuta mjomba anaitia stata ile kwenye gunia. Nikamwambia tunakwenda sote.

Akakataa. Akasema mke hamfuati mumewe kwenye zamu ya mwenziwe, ni aibu. Nikamwambia zamu ya mwenziwe ilikwisha siku nyingi, huko anakaa katika zamu yangu, kwa hivyo nakwenda kwenye zamu yangu ilipo. Mjomba akanitazama, akacheka mpaka akaliweka gunia chini.

"Haya," akasema. "Wewe nibebee kikapu cha spana, ili nikiulizwa niseme nimekuja na msaidizi."

Tukapanda gari la Mkoani, tukashukia njia ya Wambaa, tukaenda kwa miguu baina ya mikarafuu, yeye na gunia begani, mie na kikapu kichwani. Njia nzima nilikuwa nikijisomea moyoni maneno nitakayosema nikimkuta amelala kitandani kwa yule, na ni maneno ambayo hata leo siyasemi mbele ya wajukuu.

Hakuwa kitandani. Maji yalikuwa yamekupwa, boti imelala ubavu juu ya mchanga, na mume wangu amekaa kivulini mwake anashona turubai. Kikoi chake safi. Na alikuwa amenenepa, Mungu shahidi yangu, mashavu yamejaa. Alinitazama mie kwanza ndipo akamwona mjomba.

Akasema, "Weye umekujaje?"

Nikamwambia, "Nimekuja kumtazama mgonjwa."

Mjomba akajitia hakusikia, akapanda botini, akaomba kifuniko cha mashine kiondolewe. Mie nikapanda nikakaa kwenye upande uliolalia chini, karibu, pale ninapoona kila kitu. Nilitaka kuiona stata inavyosema kweli au uongo.

Mjomba hakuanza na stata. Alisema mtu akiambiwa jino ndilo linalouma, achungulie na sikio. Akawasha taa ndogo ya boti, akamwambia mume wangu abonyeze swichi. Ikalia ta, basi. Taa haikutikisika. Akasema betri ingekuwa imechoka taa ingefifia, hii imekaa vilevile, kwa hivyo umeme upo lakini unazuiliwa mahali. Akazifungua nyaya za betri, akazikwangua ule ukoga mweupe uliogandia vichwani, akazikaza. Ta. Akaufuata waya mnene kwa kidole mpaka mwisho wake, akaweka bisibisi kati ya vichwa viwili ili umeme upite moja kwa moja bila swichi. Cheche zikaruka, na mie nikaruka. Stata haikuzunguka. Akachukua nyundo, akaigonga ubavu kwa mpini, polepole, kama mtu anayechagua nazi, akasema bonyeza. Ikajivuta, ikanung'unika nusu mzunguko, ikafa tena.

Mume wangu alikuwa amesimama pembeni anajifuta shingo. Mjomba akatoa waya wa betri kwanza, akaanza kufungua bolti za stata yenyewe. Moja ilitoka, ya pili imeshikana kwa kutu, akaitia dizeli akaiacha ilowe, akawasha sigara yake akavuta bila haraka. Ilipotoka akaibeba stata nje kwenye mwanga, akaifungua kofia yake ya nyuma, akaiinamisha. Maji ya chumvi yakamwagika mchangani, na uji mweusi.

Akaniita nisogee nione. Ndani ya stata mna vipande vya makaa vinavyosugua shaba na kupitisha umeme, na vile vilikuwa vimekwisha, vimebaki mfano wa kucha, na shaba imeliwa na chumvi. Akasema mashine hii imefungwa stata upande wa kushoto, chini. Wambaa ikipwelewa inalalia upande huo, maji yaliyomo chini ya mbao yanakusanyika pale na kuilowesha. Chake inakaa majini, wima, haipatwi na kitu. Jua likipanda ilikuwa inakauka na kuwaka. Sasa imekwisha kabisa, haikauki.

"Ndiyo maana inafia huku na kwako haifi," akasema. "Si uongo."

Jamani, furaha niliyoipata! Nataka niiseme kama ilivyokuwa, maana haikukaa sana. Nilihisi mwili umekuwa mwepesi kama niliyeachwa na homa. Si uongo. Kile kichuma kilikuwa kimekufa kweli, na mume wangu alikuwa mtu aliyezuiliwa na maji na chumvi, si na mwanamke. Hata mashavu yake nikayaona si manene sana. Nilikuwa nimekuja na mkate wa ufuta ndani ya kikapu, chini ya spana, na nilikuwa nimeapa hataugusa. Nikautoa, nikaukunjua kwenye jani, nikampa. Akaupokea kwa mikono miwili akanitazama kwa mshangao, akala, na mie nikampangusa kipande kilichomwangukia ndevuni mbele ya mjomba bila haya.

Mjomba akaitoa stata ya lori kwenye gunia. Akalinganisha kile kigurudumu chake chenye meno na cha ile ya zamani, akaridhika. Akasugua kwa msasa mahali itakapokaa mpaka chuma kikameta, akasema stata inapata nusu ya umeme wake kwa kugusa mwili wa mashine, kutu ikibaki itakuwa tumefanya kazi ya bure. Kisha akataka auzungushe kwanza mtambo kwa mkono, ayatazame meno ya lile gurudumu kubwa, kama hayajalika pale stata inapoyashika.

Akanyoosha mkono bila kuinua kichwa. "Mkwe, nipe hendeli."

Mume wangu akasema haipo. Mjomba akauliza iko wapi. Akasema ilianguka majini, zamani. Mjomba akasema pole, akaanza kutafuta spana kubwa kikapuni.

Mie, kwa kutaka kujua tu, kwa ile furaha yangu, nikauliza hendeli ni nini. Mjomba akanieleza. Chuma kimekaa kadiri ya mkono wa mtu, kimepindwa mara mbili. Unakichomeka mbele ya mashine, mwenzio anashika kile kichuma kinachoipunguzia mashine pumzi, unazungusha kwa nguvu, anaachia, mashine inawaka.

"Bila ya stata?" nikamwuliza.

"Kwani kabla ya stata watu wakiwashia nini?"

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anatafuna mkate, macho yako mbali, kwenye mikoko. Nikajiambia chuma huanguka majini, watu wa baharini wanaangusha vitu kila siku, na nikalishikilia hilo.

Adhuhuri ikaingia. Mume wangu akaniambia niende nyumbani nikasali, nipumzike, yeye na mjomba watasali palepale pwani. Nyumbani. Nilitaka kumwuliza nyumbani kwa nani. Nikaenda, nikiulizia njia kwa mtoto wa watu, kwenda kwenye nyumba ya mume wangu nisiyoijua.

Alinipokea mlangoni. Ni kweli alikuwa mtu wa kawaida. Mweusi wa kiasi, jino moja la mbele limempanda mwenziwe, mikono ya mtu anayefanya kazi. Akanishikia miguu, akaniita Bi Mkubwa, akanitandikia mkeka mpya, akaulizia watoto wangu kwa majina yao kama anaowajua. Nilimjibu vizuri kwa mdomo. Macho yangu yalikuwa yanazunguka. Kofia ya mume wangu ukutani, sijaiona kamwe, kaidarizi yeye. Kitanda cha besera kimeteremshiwa pazia zake. Mswaki wa mume wangu umechomekwa kwenye ukuti wa paa, pale mtu anapochomeka mswaki wake anapokuwa kwake. Mswaki ulinitia uchungu kuliko kitanda. Na chungu cha pweza kiko jikoni, harufu yake nzuri, na kwa harufu ile nikamchukia upya.

Nikasema nataka kwenda uani kutawadha. Mlango wa uani ulikuwa umefungwa, na komeo lake si gogo la mti kama letu sote. Lilikuwa chuma. Limekaa kadiri ya mkono wa mtu, limepindwa mara mbili, limepakwa mafuta lisishike kutu.

Nilisimama mbele ya mlango ule muda, ndoo ya maji mkononi. Akadhani limenishinda kulifungua, akaja kunisaidia.

Nikamwuliza, "Komeo hili umelipata wapi?"

Akasema, "Kalileta mwenyewe, Bi Mkubwa. Mlango haukuwa ukikaa, na miye naogopa nikilala peke yangu. Kasema hana haja nalo."

Nikamwuliza tokea lini. Akafikiri, akasema kabla ya Ramadhani. Na stata, nilishasema, ilianza kufa baada ya Idi. Mume wangu alikuwa amekwisha kuiondoa chomboni hendeli hiyo ya kuondokea, ndipo stata ikafa, na kila ilipokufa alijua chuma kiko wapi, anakifungia mlango kwa mkono wake, analala.

Angekuwa yule mwanamke anajua ni nini, ningempiga nacho, na serikali ikanifunga. Lakini hakujua. Alikuwa ananitazama na jino lake lile, anangojea nimwambie kosa lake ni lipi. Wivu nilikuwa nimeubeba kutoka Chake kuja kumtupia yeye, na hapakuwa pa kuutupa. Hakumwiba. Alipelekewa.

Nilisali. Sijui nilisoma nini. Kisha nikamwambia bibie, tafuta mti ufungie mlango wako, hiki ni cha chombo. Nikakitoa, nikakiweka begani juu ya buibui, nikapita nacho katikati ya mji wa Wambaa mchana kweupe. Watu barazani wakanisalimu na mie nikawaitika wote, mmoja mmoja.

Maji yalikuwa yameanza kurudi, yamefika ubavuni mwa boti. Mume wangu aliniona ninavyokuja tokea mbali. Hakuinuka. Nilimpita, nikaenda kwa mjomba.

"Mjomba, hii siyo?"

Mjomba akaitazama, akanitazama mie, akamtazama mkwewe. Akaipokea. Akaichomeka mbele ya mashine, akaizungusha taratibu huku anachungulia na kurunzi, mzunguko mzima, akasema meno ni mazima. Akaipandisha stata mahali pake, akakaza bolti mbili, akarudisha waya mnene, wa betri akauweka mwisho. Kazi yote hiyo yeye akiomba spana, na aliyempa ni mie, maana nilishazijua kwa namba.

Maji yakajaa, boti ikainuka ikasimama wima. Mjomba akamwambia bonyeza. Mume wangu akabonyeza kwa kidole kimoja, na mashine ikawaka hapohapo, mara ya kwanza, kwa mlio uleule nilioujua. Watu waliokuwa pwani wakashangilia.

Mjomba alijifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja, ndipo akasema, kwa sauti ya kutosha sisi watatu:

"Mkwe, stata ilikuwa mbovu, hilo nitakushuhudia popote. Lakini nyusiku zile hazikuwa za udhuru. Utazilipa."

Mume wangu akajibu, macho chini, "Nitazilipa, mzee."

Nilingoja aseme kitu kingine, na mie nikiwapo. Uongo wowote. Angesema alisahau. Angesema alichoka na bahari. Angesema hata yule mwanamke kamroga, ningekaa nikaamini mpaka leo. Akaniambia nipande, jua linakwenda.

Na alilipa. Sitaki mtu amsengenye mbele yangu, alikuwa mtu wa neno lake. Zamu zangu zote alikuja, na juu ya zamu zangu akaleta na zile za nyuma, usiku kwa usiku, kwa ridhaa ya yule wa Wambaa, mpaka mjomba mwenyewe akaniuliza kama bado nina dai nikasema sina. Alikuwa akizilipa kama mtu alipavyo saumu za kadha: ananuia, anaitimiza, hali wala haharibu. Anafika kabla ya magharibi, anasali, anakula, anawauliza watoto wamesoma sura gani chuoni, analala ubavu wake. Vikoi vyake vikarudi kunuka dizeli. Nadhani alimkataza yule asifukize.

Watu wakaniambia umeshinda. Na mie barazani na ukili wangu nikisikia mashine inaingia horini, safi, haikwami, ile stata ya lori ngumu kama jiwe, na nilikuwa nikisema moyoni, Ewe Mola, ife. Ife leo. Ife usiku mmoja tu huko Wambaa, nikae hapa nimkasirikie kwa raha zangu, niseme ni chuma.

Siku moja, deni limeshamalizika, alikuja katika zamu yangu, mapema, adhana bado. Nikampakulia. Tulikuwa wawili tu, watoto wamekwenda kwa mama. Nikamwuliza, na sikuwa na ghadhabu, nilitaka kujua: ingekuwa leo hapana zamu, wala kadhi, wala mjomba, ungekuja?

Akaacha kula. Alifikiri kweli, mtu yule, hakunijibu ovyo. Akanitazama kwa ule upole wake.

"Si nimekuja?" akasema.

Nikamwongeza mchuzi.